Jinsi ya kuhifadhi maisha ya bibi msuka mikeka: mwongozo kamili kwa wajukuu

Siku tuliyomzika Bibi, tanzia yake ilisomwa redioni kama zinavyosomwa zote: jina lake na la babake, kijiji, mama mzazi wa fulani na fulani, bibi wa fulani, maziko saa kumi alasiri. Nusu dakika ikatosha. Huku nyumbani, wanawake waliokuja kuhani walijaa ukumbini, uani, mpaka chini ya mwembe, wote juu ya mikeka. Niliihesabu. Ilikuwa kumi na mmoja, na tisa kati yake aliishona yeye. Kila aliyekuja kumlilia aliikalia kazi ya mikono yake, wala hakuna aliyeitaja, mimi nikiwemo.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mjukuu ambaye bibi yake angali hai, na kwa yule aliyechelewa pia. Nazungumza kutoka Pemba, juu ya bibi wa shamba aliyesoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, na asiende skuli, aliyesuka ukili, ule utepe wa ukindu (majani ya mkindu) unaoshonwa kuwa mkeka, tangu utotoni mpaka wiki ya mwisho ya uhai wake. Kama bibi yako ni mfinyanzi wa Upareni anayeimba kwaya kanisani, weka udongo mahali pa ukindu na nyimbo zake mahali pa kasida. Mengine yote yatakufaa. Jambo ninalolishikilia ni hili: maisha ya bibi wa namna hii hayaanzi kwenye tarehe. Yanaanza kwenye alichokuwa akikifanya kwa mikono na saa alizokuwa akiziacha kwa Mola wake. Ukivipata hivyo viwili, tarehe zitakuja zenyewe.

Omba idhini kwanza

Usiingie kwake na simu mkononi. Bibi mcha Mungu ana mipaka yake juu ya picha na sauti, na ana haki nayo. Bibi yangu hakutaka picha ya uso, na hakutaka sauti yake ya kasida isikike kwa wanaume wasio maharimu zake. Kuzungumza tu hakukuwa na neno. Nisingeyajua hayo kama nisingeuliza.

Siku ya kwanza nenda na kitu mkononi, sukari na majani ya chai vinatosha. Mwamkie, kaa chini, mpe habari za nyumbani kwenu. Halafu mwambie waziwazi: "Bibi, nataka kuandika maisha yako ili wanangu wakujue. Utaniruhusu?" Jibu la kwanza huwa, "Mimi nina nini cha kuandikwa?" Usidhani amekataa. Mwambie ungependa kuanza na mkeka ulio chumbani kwake, na uachie hapo.

Akishakubali, muulize mambo matatu, kila moja peke yake. Naweza kurekodi sauti? Naweza kupiga picha, za nini na zisiwe za nini? Nani aruhusiwe kusikia na kuona? Andika majibu siku hiyohiyo kwa maneno yake mwenyewe, maana ndugu watakuja kubishana siku mmoja wao akitaka kuzisambaza. Akikataa picha ya uso, piga mikono. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya mikono yake miwili na ukili katikati, na kucha ya dole gumba la kulia iliyolika upande mmoja kwa kuchania ukindu miaka nenda miaka rudi.

Muulize mikono ikiwa kazini

Mara ya kwanza nilimkalisha kwenye kiti, nikafungua daftari, nikasema, "Bibi, nieleze maisha yako." Akanijibu kwa sentensi nne: nilizaliwa, nikaolewa, nikazaa, namshukuru Mungu. Nikarudi mjini nikiwa nimevunjika moyo.

Wiki mbili baadaye nilimkuta barazani anasuka. Nikakaa chini nikamsaidia kuchana ukindu, vibaya, na huku nikamuuliza, "Huu unamshonea nani?" Alizungumza mpaka adhana ya magharibi. Mikono ikishughulika ulimi hufunguka. Macho yako kwenye kazi, hayakutazamani, na kimya kikiingia hakuna anayeona haya. Basi mwendee wakati wa kazi: akisuka, akichagua mchele, akikuna nazi. Kwetu hakuna wakati mzuri kama usiku wa msimu wa karafuu, wanawake wamelizunguka rundo kuchambua, karafuu huku makonyo kule, na hadithi moja inavuta nyingine mpaka usiku mkubwa.

Uliza kwa kupitia vitu. "Bibi ulikuwa mtoto wa namna gani" halifungui kitu. Haya yaliufungua moyo wake: Nani alikufundisha ukili wa kwanza, na alikukaripia kwa kosa gani? Ukindu ukiupata wapi, na nani akikukatia? Mkeka gani uliuuza ukajuta? Pesa ya mkeka wa kwanza uliinunulia nini? Kwa hili la mwisho alisita, kisha akasema aliinunulia juzuu ya mwanawe wa kwanza, siku ya kumpeleka chuoni. Katika jibu hilo moja nilipata fundi, mama na mcha Mungu kwa pamoja, na ningetunga maswali ishirini juu ya dini yake nisingelipata.

Usimkatize kumsahihisha. Akirudia hadithi uliyokwisha kuisikia, iandike tena, maana mara ya tatu ndipo hutaja jina aliloliruka. Na usiishie kwake. Wasuka ukili hukaa pamoja, kwa hiyo ana shoga zake wa baraza moja, ana mawifi, ana somo yake. Hao wanajua alivyokuwa akicheka kabla hujazaliwa. Kama umechelewa na bibi ametangulia mbele ya haki, hao ndio wa kuwaendea, na waendee mwaka huu.

Simu inatosha, ukiiweka sawa

Weka simu katika hali ya ndege ili isilie katikati ya maneno. Usiilaze juu ya mkeka anaosukia, kwa sababu kila kishindo cha mkono kitaingia. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa, shubiri mbili hivi kutoka kinywani mwake, upande asioegemea. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uendelee. Mvua ikianza kupiga bati, zima, mnywe chai. Kuku, watoto na adhana si kasoro, viache.

Mwanzoni mwa kila rekodi sema mwenyewe: leo ni tarehe kadhaa, niko mahali fulani, na fulani binti fulani, na waliopo ni hawa. Baada ya miaka kumi hutaikumbuka sauti ya jirani aliyeingia kuomba moto. Faili lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha jambo lililozungumzwa, kwa mfano 2021-08-14-ukili-wa-kwanza, na yote yatajipanga yenyewe. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, chagua kutuma kama faili la kawaida, kwa sababu picha ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora. Mimi nilipoteza rekodi tatu kwa kuziacha kwenye simu moja, simu ikatumbukia baharini gatini. Katika mojawapo alikuwa akieleza alivyojifungua mamangu. Sikuthubutu kumwomba anisimulie tena, na mwaka uliofuata hakuwepo.

Hifadhi ufundi, si bidhaa peke yake

Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Tunaweka mkeka na kupoteza ujuzi wake. Mkeka uliokwisha kushonwa haukuonyeshi ulivyoanzwa.

Anza mwanzo kabisa, mkinduni. Fuatana naye, au na anayemkatia, uone kuti lipi linakatwa na lipi linaachwa. Kwetu hukatwa lile changa lililo katikati ambalo bado halijafunguka. Andika linaanikwa siku ngapi, linachemshwa vipi, rangi inatiwa lini na nini kinatiwa pamoja nayo ili ishike. Vipimo vyake viandike kama anavyovitaja yeye: konzi, kijiko, shubiri, mkono, pima. Usigeuze kuwa sentimita. Kama unataka sentimita, pima pima yake, mikono yote miwili imenyooshwa, na uiandike pembeni. Ukili wote wa Bibi ulipimwa kwa mwili wake.

Unapopiga video ya kusuka, kaa nyuma ya bega lake uelekeze simu chini. Ukikaa mbele yake utapata picha nzuri lakini mkono wa kulia utakuwa kushoto, na mtoto atakayejifunza kwa video hiyo atachanganyikiwa. Mwombe aanze ukili mpya polepole huku akihesabu chane (vipande vya ukindu vilivyochanwa) kwa sauti, afike nusu shubiri, afumue, aanze tena. Kuanza na kufunga ncha ndiko kugumu, katikati mtu hujifunza kwa kutazama. Kisha piga anavyounga chane mpya ile ya zamani inapokwisha, na anavyoushona ukili kwa shazia, sindano kubwa ya mikeka, upana baada ya upana.

Na hili nakuomba usiliache: mwombe akusukie kipande cha shubiri moja cha kila ukili anaoujua. Vishonee kwenye gamba gumu la karatasi, na chini ya kila kimoja andika jina la ukili kama anavyolitaja, idadi ya chane, na ni wa kutengenezea nini. Ukili wa mkeka wa kulalia, wa msala, wa kawa la kufunikia chakula na wa jamvi la kuanikia karafuu si mmoja. Bibi alinisukia saba. Wa nane aliukumbuka jina tu, akajaribu mara mbili, akaacha. Jina hilo nimeliandika na chini yake pako patupu.

Fungua kasha pamoja naye

Kasha la mwanamke wa makamo yake ni kitabu. Lifungue naye, si baada yake, na kila kitu kikitoka uliza: kimetoka kwa nani, lini, kwa nini umekiweka. Piga picha kila kimoja kivulini juu ya kitambaa cheupe.

Kanga zipige zikiwa zimekunjuliwa, pindo, mji wa katikati na jina, yaani msemo wake, vyote vionekane. Jina la kanga usilinakili tu. Uliza ilikuwa zawadi ya nani na ilivaliwa siku gani, kwa kuwa wanawake wamesemeshana kwa kanga mambo ambayo vinywa havikuyasema. Bibi alikuwa na doti moja ambayo haikuwahi kukatwa. Nilipomuuliza alitabasamu akasema, "Hiyo alinipa mke mwenzangu, tulipopatana." Sikujua hata kama waliwahi kugombana.

Picha za zamani zilizoganda kwenye kioo cha fremu usizibandue, utaondoka na uso wa mtu. Zipige hivyohivyo nje, kivulini, umesimama upande ili kioo kisirudishe mwanga. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kalamu ya wino hutokeza upande wa pili.

Chini kabisa ya kasha, ndani ya mfuko wa nguo wenye karafuu kavu, tulikuta sanda yake. Aliinunua mwenyewe, kwa pesa za mikeka. Alinionyesha bila huzuni yoyote, akaikunja tena kwenye mikunjo yake ileile.

Daftari la herufi za Kiarabu usilitupe

Mabibi wengi wa kwetu huhesabiwa hawajui kusoma kwa sababu hawakwenda skuli. Si kweli. Walisoma chuoni, na walitumia herufi za Kiarabu kuandika Kiswahili: barua, madeni ya dukani, dua, kasida, majina ya watoto na siku walizozaliwa. Nyumba inapofanyiwa usafi baada ya msiba, karatasi hizi ndizo hupotea kwanza, kwa kuwa vijana huzidhania Kiarabu tu na wakubwa wamechoka. Kwetu daftari moja liliokolewa na mamangu mdogo kutoka kwenye lundo la kuchomwa.

Ukilipata, usilibandike kwa gundi ya plastiki wala usilipige pasi. Piga picha kila ukurasa kwa mpangilio, hata ulio mtupu, kisha ulifunge kwa kitambaa cha pamba. Msomaji mtafute miongoni mwa watu wazima waliosoma chuo kimoja naye, na umtafute mapema, maana maandishi haya yana ugumu wake. Herufi za Kiarabu hazina p, ch, v wala g ya kwetu, na waandishi wa zamani walitumia herufi iliyo karibu. Neno lililoandikwa kwa be mbili (herufi ya b) zenye fataha (irabu ya a) linaweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Maana ndiyo inayoamua, na anayeijua maana ni aliyeishi zama zile. Katika daftari la Bibi kulikuwa na mstari tuliousoma "deni la baba" kwa mwezi mzima, mpaka shoga yake mmoja alipocheka akasema, "Pamba hiyo, ya mito ya arusi ya mamako."

Kasida alizozihifadhi ziandike hata kama unadhani zinajulikana. Mara nyingi kuna beti mbili tatu alizozitia yeye au mamake, na hizo hazimo popote pengine. Muulize alizipokea kwa nani na husomwa lini.

Tafuta miaka kwa matukio

Tanzia yetu ilisema Bibi alikuwa na miaka 92. Tulikisia. Baadaye nilipokaa na maneno yake niliona ilikuwa 86.

Alikuwa amesema kuwa alizaliwa mfunguo sita, na kwamba mamake akimwambia ulikuwa mwaka wa jubilii ya Seyyid Khalifa. Seyyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, alitawala tangu 1911, na jubilii ya miaka 25 ilikuwa 1936. Mfunguo sita ndio mwezi wa Maulidi, kwa kuwa tunahesabu kuanzia Mfunguo mosi, mara tu baada ya Ramadhani. Mwaka ule ulianguka Mei na Juni. Basi alizaliwa katikati ya 1936. Nilipima kwa njia ya pili: alisema mwanawe wa tatu alikuwa akitambaa wakati wa Mapinduzi, nao walikuwa wakijitayarisha kufunga. Mapinduzi yalikuwa 12 Januari 1964, mwisho wa Shaabani, siku chache kabla ya mwezi mwandamo. Mtoto anayetambaa ana miezi saba mpaka kumi. Kwa hiyo mjomba alizaliwa kati ya Machi na Juni 1963, ingawa cheti chake kina mwaka mwingine.

Fanya hivyo kwa kila jambo kubwa. Visiwani unaweza kuegemea uchaguzi wa 1957 na wa 1961, uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi, Muungano wa 26 Aprili 1964, kifo cha Mzee Karume 7 Aprili 1972, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga uliofika Pemba 2010, na kuzama kwa meli ya Spice Islander Septemba 2011. Usimuulize mwaka. Muulize alikuwa na mimba ya nani, au alikuwa akishona mkeka wa nani. Na kumbuka kwamba mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, miaka 33 ya mwandamo ni kama 32 ya kalenda ya ukutani. Anayehesabu umri wake kwa Ramadhani atakuwa mbele ya cheti.

Nasaba ichukue siku moja peke yake: binti nani, bin nani, bin nani, mpaka aseme "hapo sijui". Kwa upande wa mama vilevile, maana huko ndiko watu wanakosahau.

Ibada yake: kipi uandike na kipi uache

Hapa nenda taratibu. Mtu aliyeficha ibada yake asije akaumbuliwa na mjukuu wake. Nilichoandika ni kile ambacho kila aliyeishi naye alikiona: Yasini kila usiku wa kuamkia Ijumaa, sauti yake kwenye maulidi ya wanawake, udi siku ya Alhamisi, tasbihi ya mbegu iliyokosa punje mbili ambayo hakukubali ibadilishwe. Na namna alivyokuwa akiacha kazi. Ukili ukiuachia ncha hufumuka, na yeye alikuwa na kibanio chekundu cha kuanikia nguo alichokitumia kwa hilo tu. Adhana ikisikika alibana ncha, akauweka ukili kando, akainuka. Hakumalizia hata chane iliyokuwa mkononi. Utotoni nilijua saa ya sala kwa mlio wa kibanio kile.

Lakini kuna aliyokuwa akiyafanya gizani. Baada ya mazishi alikuja mwanamke mmoja akatueleza kwamba kwa miaka mingi Bibi alimpa ukili uliokwisha kusukwa auze kama wake, apate kusomesha wanawe. Nimeandika kitendo, jina sikuliandika wala kijiji. Uzani wangu ni huu: kama yeye asingelisema mbele ya watu, na kama kulisema kunamvunjia mwingine sitara yake, ligeuze lisitambulike au liache kabisa.

Vivyo hivyo kwa majeraha. Talaka, ugomvi wa shamba, watoto waliokufa, na mambo ya siasa yaliyogawa nyumba visiwani humu. Usiyachokonoe. Akiyaanza mwenyewe, zima simu, umsikilize, kisha muulize kama anataka yaandikwe. Mara mbili Bibi aliniambia, "Hili lako wewe." Liko kwangu.

Kuandika kwenyewe

Usianze na "Marehemu alizaliwa". Anza na kitu kimoja na mikono yake juu yake, na umfanye msomaji amwone kabla hujamwambia ni mtoto wa nani. Sifa tupu zifute. Niliandika mwanzoni, "Bibi alikuwa mkarimu na mwenye subira." Nani hasemwi hivyo akifa? Nikafuta, nikaweka: "Alipogundua kosa la chane moja katika pima ya kwanza, alifumua pima zote sita, usiku, kwa kandili, akasema mwenye mkeka hataliona lakini yeye ataliona." Subira sikuitaja tena.

Acha maneno yake yabaki kwa lahaja yake. Kama alisema Kipemba, andika Kipemba, usimvalishe Kiswahili cha taarifa ya habari. Neno ambalo vijana hawatalijua lifafanue ndani ya sentensi inayofuata. Andika kwa vipande vifupi, kila kimoja na kitu chake: mkeka wa arusi, daftari, mwembe, kibanio. Usijitaabishe kuviunga kwa mwaka. Waliokaa naye wataviunga.

Ukimaliza, wasomee watu watatu: mmoja wa rika lake, mwanawe mmoja, na kijana asiyemjua. Wa kwanza atakusahihishia mambo, wa pili atakuambia kinachoumiza, na wa tatu atasinzia mahali panapochosha. Kwa familia zinazosoma khitma na kukutana siku ya arubaini, kipande kimoja kinaweza kusomwa baada ya dua, watu wakiwa bado wamekaa. Sisi tulisoma kile cha mikeka. Niliona kina mama wakiinamisha vichwa na kuupapasa mkeka walioukalia.

Nakala, mikeka, na ukili wa mwisho

Weka nakala tatu za kila kitu, na moja ilale nyumba nyingine kabisa. Yetu moja iko Wete, moja Dar es Salaam kwenye diski, ya tatu kwa binamu Maskati. Maandishi yachape karatasini, yajalidiwe, kila nyumba ya mtoto wake ipate moja, kwani simu hufa na karatasi huishi. Ukiwa na kitu cha kale kweli, hati ndefu kwa mfano, unaweza kuwaonyesha watu wa Nyaraka za Taifa Kilimani, Unguja, au Makumbusho ya Pemba ndani ya ngome ya zamani Chake Chake; nenda na picha kwanza, usitoe cha asili kabla familia haijakubaliana.

Mkeka usikunjwe, hukatika kwenye mkunjo. Uviringe juu ya mwanzi, rangi ndani, ufunge kwa kanga kuukuu. Nailoni hufungia unyevu na mkeka huota ukungu. Kila baada ya miezi michache ukunjue kivulini upate upepo, uupige kwa nyuma vumbi litoke. Jua la moja kwa moja hula rangi. Mkeka mmoja tu ndio tumeuweka hivyo. Ile mingine inaendelea kukaliwa, na misala minne tumeipeleka chuo alichosomeshea wanawe, kama alivyotaka.

Kama aliacha kazi nusu, usimpe mtu aimalizie, hata awe fundi kumshinda. Ipime kwa mkono wa mtu wa kimo chake, andika ilipofikia, uifunge isifumuke. Wa Bibi tuliukuta barazani, kando ya alipokuwa akikaa. Pima tatu na shubiri mbili, ukili wa msala, na kibanio chekundu kimebana ncha.